Mashine Bado Inafikiri

Mazwi, Sumbawanga
10 Machi 1996

Mwanangu Modesta,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi huku tunaendelea, isipokuwa mvua imezidi na maharage yameanza kuoza shambani. Mama yako ni mzima. Ametengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo, shamba lote la bondeni kwa mikono yake, na nikimwambia apumzike ananiuliza apumzike amwachie nani. Ng'ombe wa jirani yetu Mayunga waliingia kwenye mahindi yake. Mayunga akaja mwenyewe kuomba radhi na dumu la maziwa. Mama yako akapokea maziwa, akakataa radhi. Kaburi la marehemu kaka yangu, baba yako, tumelifyekea kabla ya Kwaresima.

Habari ya shirika ni kwamba tunauzwa. Yanauzwa maghala ninayoshika funguo zake, mizani, malori mawili yaliyopanda juu ya mawe, na sisi wafanyakazi tumo humo humo. Mnunuzi hajapatikana, lakini tumeletewa meneja kijana kutoka Mbeya, Bwana Obed, aje kututayarisha, kama mbuzi anavyoogeshwa kabla ya mnada. Inasemekana yeye ndiye atakayeandika nani abaki na nani apunguzwe. Amekuja na kompyuta. Imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, na anayeruhusiwa kuigusa ni Hellena tu, mpiga chapa wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana Obed anacheza chesi. Mimi na yeye tunalingana, leo yeye kesho mimi. Katika maongezi nikamwambia kwamba wewe huko unaifundisha mashine kucheza mchezo huu. Sasa anataka kupambana nayo. Naomba uitume, na utume iliyo kali kabisa, isiyomhurumia mtu. Usiniulize mengi, mkono wangu siku hizi unachoka kuandika.

Ni mimi baba yako mdogo,
Fransisko

*

Trondheim, Norwe
9 Aprili 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Mimi mzima, na nimefurahi kujua kwamba mama bado anagombana na Mayunga. Ningesikia wamepatana ningeogopa kwamba kuna anayeumwa. Theluji ya hapa imechakaa, imekuwa nyeusi kama maji ya kuoshea masufuria. Nakula samaki kumshinda mtu wa Kirando. Mtanzania mwenzangu chuoni ni Godbless, kijana wa Machame anayesomea barabara. Anaongea kupita kiasi, lakini ndiye aliyenionyesha duka lenye unga unaofanana na wa ugali. Nimesema unaofanana.

Mchezo nimeuweka kwenye disketi iliyomo humu. Mashine ya chuoni kwetu inajibu kabla hujaondoa mkono kwenye kete. Godbless amefungwa mara nyingi mpaka amesema chesi ni dhambi. Nimeiamuru ichungulie hatua saba mbele kila zamu na isitoe jibu kabla ya kuzimaliza zote. Hiyo ndiyo kali uliyoomba.

Najua umekataza maswali, kwa hiyo nauliza moja tu. Uliponifundisha chesi ulikuwa unaniachia malkia wako ili nisilie. Huyu Bwana Obed amekukosea nini?

Mwanao,
Modesta

*

Mazwi
26 Mei 1996

Mwanangu Modesta,

Barua imefika. Bahasha ilifunguliwa njiani ikabandikwa tena na mtu mwenye adabu zake, na disketi ilikuwamo. Huku baridi imeshika. Asubuhi watu wanaota moto wa mabua nje ya milango yao na wanasalimiana bila kutoa mikono mifukoni. Mama yako anavuna ulezi. Anauliza kama una blanketi, na anasema usimjibu kwamba unalo kama huna.

Jumamosi tulikusanyika ofisini, Bwana Obed, mimi, na wafanyakazi wote ambao hawajapata kazi nyingine. Hellena akaingiza disketi, akaandika jina la mchezo kama ulivyoelekeza. Mashine ikanguruma kidogo, ikajibu kwa Kiingereza kwamba amri ni mbaya. Akarudia. Amri ikawa mbaya tena. Bwana Obed akatabasamu, akasema labda binti apewe muda. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

Niliwaambia watu kwamba disketi ilipigwa na baridi ndani ya ndege. Wamekubali, lakini naomba unipatie sababu nzuri zaidi ya hiyo, pamoja na mchezo unaofunguka. Swali lako nimeliona. Hajanikosea kitu.

Fransisko

*

Trondheim
23 Juni 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Mwambie mama blanketi ninalo, tena kwa sasa nimelitundika dirishani, maana jua la hapa mwezi huu limekataa kuzama na mtu hapati usingizi. Godbless anakusalimu ingawa hakujui. Anawasalimu watu wote.

Kosa ni langu wala si la ndege. Ngoja nikueleze kwa lugha ya ghala.

Ubao wa chesi una miraba sitini na nne. Mashine ya hapa inabeba tarakimu sitini na nne kwa mkupuo mmoja, kila tarakimu ikisema kuna kitu au hakuna. Mkupuo huo wenyewe wanauita neno. Sasa ona bahati: neno moja, ubao mzima. Nikitaka kujua askari wangu wote wakisogea mbele watatua wapi, nalisukuma lile neno mara moja tu na wote wanajibu pamoja. Nimejenga mchezo wangu wote juu ya bahati hiyo. Mashine ya ofisini kwenu, kwa unavyoieleza, nadhani ni ya zamani, inayobeba tarakimu kumi na sita. Kwake ubao ni mzigo wa safari nne, na kinachomwagika kwenye kipande kimoja lazima kiokotwe na kupelekwa kwenye kipande cha pili.

Halafu kuna mkalimani. Mimi naandika kwa lugha wanayoielewa watu, mashine inaelewa yake. Katikati yupo mkalimani anayetafsiri. Disketi ya kwanza ilitafsiriwa kwa lugha ya mashine ya huku, ndiyo maana ya kwenu ikasema amri ni mbaya. Ilikuwa sawa na kumhubiria Mfipa kwa Kinorwe. Safari hii nimemtumia mkalimani mwingine, wa mashine ndogo, niliyemkuta kabatini chuoni. Ni mzee. Unamkumbuka yule katekista aliyekuwa akimtafsiria Padre, kila sentensi anakwenda kumuuliza tena alisema nini, mpaka misa inamaliza siku? Huyu ndiye yeye. Kila tarakimu anairudisha ghalani kabla ya kuchukua nyingine, hata kama ataihitaji sasa hivi.

Kwa hiyo mchezo utafunguka. Kuhusu mwendo, sikuahidi kitu.

Modesta

*

Mazwi
11 Agosti 1996

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako amesikia habari za jua lisilozama na anauliza watu wa huko wanajuaje saa ya kwenda kulala. Mayunga amehama malisho, ng'ombe wake wameelekea bondeni Rukwa, na mama yako anazunguka zunguka kama mtu aliyefiwa.

Umefunguka. Mchezo ulijichora kwenye kioo, kete zote, hata farasi wana masikio. Watu walipiga makofi. Bwana Obed akaanza, akasogeza askari wa mfalme. Kisha ikawa zamu yako, yaani ya mashine.

Tulisubiri. Tulikuwa tumeshakula mchana. Watu walisimama, wakakaa, wakatoka, wakarudi na mahindi ya kuchoma. Mlinzi alisema imekufa. Hellena akasema hapana, kataa kake kadogo kanapepesa. Ng'ombe walipokuwa wanarudi mazizini, mashine ikasogeza askari wake mmoja, yule yule ambaye mtoto yeyote angemsogeza. Hapo nilicheka mimi mwenyewe, Modesta, kwa sababu ukiona watu wote wanakutazama usoni, ni bora uanze wewe.

Tangu siku hiyo zamu yake moja ni jioni nzima. Umeme ukikatika inasahau yote, Hellena anaipangia ubao upya kwa karatasi aliyochora. Bwana Obed hakosi. Anakaa na Hellena kukaangalia kale kataa. Hellena siku hizi analeta chupa ya chai.

Naomba uiharakishe. Mjini wameshapata msemo. Mtu akidaiwa jibu na hana, anasema: subiri, mashine bado inafikiri.

Fransisko

*

Trondheim
8 Septemba 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Nimeisoma barua yako darasani na mwalimu akaniuliza nacheka nini. Nikamweleza. Amesema sura ya mwisho ya kazi yangu ya shahada imeshapatikana: programu moja, mashine mbili, wakalimani wawili, na wakazi wa Sumbawanga wakila mahindi. Kwa hiyo sasa nina sababu ya kisomi ya kukuokoa.

Ningeweza kuiambia ichungulie hatua chache. Ingejibu upesi, lakini ungepata mashine ya haraka na ya kijinga, na wewe uliomba kali. Kwa hiyo nitapunguza safari na kubadilisha mkalimani. Nahitaji kitu kimoja kutoka kwako. Hellena akiwasha mashine, kuna maandishi yanapita haraka juu ya kioo kabla ya mengine yote. Anakili namba atakayoiona hapo. Mashine nyingi za aina hiyo zinabeba tarakimu thelathini na mbili, ila mkalimani wa kizamani hajui, anazibebesha kumi na sita tu. Kama ya kwenu ni mojawapo, basi ina nguvu ambayo haijawahi kutumika tangu itoke kiwandani.

Godbless anamaliza masomo. Krismasi atakuwa Dar. Amenisaidia kupima mchezo jioni zote hizi, na juzi aliniuliza jambo. Nikamwambia asubiri kwanza nimalize programu. Basi, ni habari ndogo tu.

Mwambie mama saa ya kulala wanaijua kwa saa ya ukutani.

Modesta

*

Mazwi
20 Oktoba 1996

Mwanangu Modesta,

Tunakusalimu. Joto limepanda, vumbi limepanda nalo, na moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika mpaka Chala. Mama yako alikwenda Kasesya kuuza maharage kwa Wazambia, akarudi na vitenge na ugomvi mpya na mtu wa forodha. Amerudi mzima.

Namba ya mashine Hellena amenakili. Ni mia tatu themanini na sita.

Sasa nisikilize. Nilikuomba uiharakishe. Nimefikiri tena, naomba usiiharakishe. Kama kuna namna ya kuifanya ichelewe zaidi kidogo, bila watu kujua, hiyo ningeipenda. Mchezo unakwenda vizuri. Umefika katikati, hakuna aliyezidiwa. Bwana Obed hana haraka, mimi sina haraka, Hellena ameshajua mwendo wa farasi. Mshindi akipatikana upesi itakuwa vibaya, awe huyu au awe yule. Wanasema orodha ya wa kupunguzwa itatoka mwakani mwanzoni, na mimi ningependa itoke mashine ikiwa bado inafikiri.

Usiniulize.

Yule kijana wa Machame alikuuliza jambo gani?

Fransisko

*

Trondheim
24 Novemba 1996

Baba Mdogo, shikamoo.

Nasikitika kwamba barua hii haitakufurahisha.

Mimi nimekaa huku mwaka na nusu natafuta namna ya kuifanya mashine ijibu haraka. Ndicho ninachopewa shahada. Nikiamka asubuhi nafikiria jinsi ya kuondoa safari moja ya bure kati ya tarakimu na ghala. Halafu mtu aliyenifundisha chesi ananiomba nitie uzito kwa makusudi, tena kwa siri, tena bila sababu. Ungekuwa umeniambia sababu ningeweza kuipima. Hukuniambia.

Namba hiyo ni njema. Inabeba thelathini na mbili. Nimepata mkalimani mpya anayeijua nguvu hiyo, wanamgawa bure watu wa chuo kwa chuo. Anashika mkononi tarakimu zinazohitajika mara kwa mara badala ya kuzirudisha ghalani, na nikimwambia ajitahidi anapunguza hata maneno yangu mwenyewe niliyoyaandika kizembe. Pia nimeacha kung'ang'ania neno moja ubao mzima. Hiyo ni bahati ya mashine kubwa. Kwa ya kwenu nimerudi kwenye njia ya kizamani, mraba mmoja mmoja, na hapo inakimbia kuliko ningeilazimisha kuiga ukubwa wa mwenzake. Jioni nzima itakuwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Na hatua ni zile zile saba.

Disketi ameondoka nayo Godbless, ataitia posta Dar. Hakuniuliza jambo lolote la maana.

Modesta

*

Mazwi
9 Februari 1997

Mwanangu Modesta,

Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Mama yako ni mzima. Mayunga amerudi na ng'ombe wengi zaidi, na nyumba imechangamka.

Disketi ilifika kabla ya Krismasi. Niliificha. Niliiweka chini ya mizani ghalani, nikasema posta ni mbovu, jambo ambalo kila mtu huliamini. Lakini uliandika juu ya bahasha kwamba ndani mna maelekezo ya Hellena, na mtu wa posta, ambaye ni shemeji yake, alishamwambia kwamba bahasha yako imepita. Hellena akaja kuniuliza disketi iko wapi. Nikaitoa.

Walipanga ubao kama ulivyokuwa, wakawasha mchezo mpya. Bwana Obed akasogeza ngome. Alikuwa bado anainuka kwenda dirishani, kama alivyozoea, mashine ikajibu. Alirudi akakaa. Akacheza tena. Ikajibu tena. Hakuna aliyekwenda kutafuta mahindi. Kabla ya watu kutoka kazini mfalme wake alikuwa amebanwa pembeni hana pa kwenda, na watu wote wananiangalia mimi.

Sasa nikuambie kwa nini walikuwa wananiangalia mimi.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Bwana Obed alinikuta ghalani, akasema amesikia nina binti anayesoma Ulaya, na angependa siku moja aje na wazee wake. Nilikuwa na funguo za ghala mkononi na yeye alikuwa na kalamu. Nilimwona kama tayari anaandika orodha. Kumkatalia sikuweza, na kukubali badala yako sikutaka. Mdomo wangu ukasema wenyewe: binti yangu ameapa hataolewa na mtu anayeshindwa na mashine yake. Akasema vema, mashine ije. Ndiyo maana niliomba iliyo kali. Baadaye nikaona kwamba akishindwa atanipunguza kazi, na akishinda atakuja na wazee. Lakini mchezo ukiwa haujaisha, hakuna anayenidai kitu. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima, Modesta, kila jioni naomba kataa kaendelee kupepesa.

Basi siku hiyo watu walipotawanyika, Bwana Obed akabaki. Nikajiandaa. Akafunga mlango, akakaa, akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia.

“Mzee Fransisko,” akasema, “usinielewe vibaya. Nimefurahi kushindwa.”

Nikamuuliza kwa nini.

“Lile neno nililisema kwa ugeni. Nilitaka tu kukusifia binti. Ulipoleta sharti, nikaona nikilikataa nitakuwa nimekudharau. Nikaingia mchezoni. Na sasa mimi na Hellena tumeelewana tangu mwezi wa tisa, na sikujua nikuambieje.”

Kumbe jioni zote zile tulikuwa wawili tunaoomba mashine isijibu.

Nikamuuliza kuhusu orodha. Akashangaa. Orodha hajawahi kuishika. Ilitoka Dar imeshapigwa chapa, tangu kabla hajaja Sumbawanga. Alikuwa amekatazwa tu kuisema. Jina langu limo. La kwake pia limo.

Mwisho wa mwezi huu nakabidhi funguo. Bwana Obed ameniomba niwe mshenga wake kwa wazazi wa Hellena, na nimekubali, kwa kuwa nina muda. Kilichobaki ni wewe kunisema. Sema.

Fransisko

*

Trondheim
9 Machi 1997

Baba Mdogo, shikamoo.

Salamu za wengine wote nitazituma siku nyingine, maana nikianza kuuliza habari za ng'ombe nitapoa, na sitaki kupoa.

Pole kwa kazi. Hilo nalisema kwa moyo wote. Umelinda maghala yale tangu mimi sijaanza shule, na hawakuona hata haja ya kukuambia mapema.

Lakini uliniweka mimi juu ya meza kama kete. Bwana Obed hajawahi kuniona, kwa hiyo yeye simlaumu. Wewe umeniona tangu nazaliwa. Barua ilikuwa inachukua mwezi kunifikia. Ungeandika sentensi moja, “Modesta, kuna mtu anataka kuja na wazee, nimjibu nini?” ningekujibu kwa neno moja, na neno hilo ungeweza kumpa kama lilivyo, mimi ndiye ningebeba lawama. Badala yake ulinitungia kiapo. Nimeambiwa na mwenzangu niliyesoma naye kwamba soko zima la Mazwi linakijua kiapo changu. Mimi ndiye niliyekuwa sikijui.

Nilitaka kuandika kurasa tatu za namna hii. Nilipofika hapa kalamu ikasita, kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza, wamenipa nafasi ya kusoma miaka mitatu zaidi, na nimekubali tangu Oktoba. Sikukuambia. Mama namwandikia leo leo, barua yake peke yake, usimwambie kabla haijafika.

La pili ni Godbless. Lile jambo aliloniuliza ni hilo unalolifikiria. Nilimwambia asubiri nimalize programu. Programu ya shahada ilikuwa imekwisha, Baba Mdogo. Ile ya kwenu ndiyo niliyokuwa naipunguzia sekunde, na kila nilipopata njia ya kuiongezea mwendo nilifurahi, na kila alipogonga mlango nilisema bado kidogo. Akaondoka na disketi mfukoni bila jibu. Nadhani ameshachoka kusubiri, na sina haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo nimekusema nusu. Nusu nyingine nimejibakizia.

Modesta

*

Chala
4 Mei 1997

Mwanangu Modesta,

Maneno yako nimeyapokea, yote, wala sina la kujitetea. Kiapo nimekifuta. Nilisimama baada ya misa, nikawaambia watu kwamba nilikitunga mimi. Wengine walisema walijua.

Nimehamia huku Chala kwa muda. Mayunga ameweka mashine ya kusaga na hana mtu anayejua mizani, kwa hiyo nampimia. Mama yako amesikitika kwa miaka mitatu, amelia siku moja, siku ya pili akaenda kununua uzi akufumie sweta, kwa sababu anasema blanketi haliwezi kuvaliwa darasani. Hellena na Bwana Obed walioana baada ya Pasaka. Wanafungua duka la kupiga chapa barua na mitihani mjini. Kompyuta ya shirika imebebwa na lori kwenda Mbeya na mchezo wako ukiwa ndani.

Juma lililopita nilikuwa Mazwi. Akashuka mtu kwenye basi la Tunduma, mrefu, vumbi mpaka kwenye nyusi, anamsalimia kila anayepita. Aliuliza nyumba ya mama Modesta, akaletwa na watu wanne. Mama yako akampa maji. Kabla hajayanywa akasema yeye ni Godbless, amepata kazi ya barabara Mbeya, na amekuja kuniuliza kama anaweza kuleta wazee.

Modesta, nilikuwa na majibu mengi. Moja lilikuwa zuri sana, lilinijia ulimini limekamilika. Nikalimeza. Nikamwambia hivi: “Swali hilo si langu. Mwenyewe yupo, na anajua kusoma.”

Akasema ameshakuandikia mara mbili tangu afike nchini, na hukumjibu.

Hilo hukuniambia. Mama yako alinitazama, mimi nikatazama ukuta, kisha mama yako akasema chakula kimeiva. Amekula vizuri. Kesho yake alimsaidia mama yako kuziba pale ng'ombe wanapopitia, akarudi Mbeya.

Mjibu, mwanangu. Iwe ndiyo au hapana, mimi sitauliza ni lipi.

Baba yako mdogo,
Fransisko